Shajara ya tangi la Michenzani: kutafuta mmea wa kuelea

Jumamosi, 10 Mei 2025

Tangi limekaa mahali pake. Fundi kioo amelikata kama nilivyomwagizia: urefu sentimita 60, upana 30, kina 35. Nikitia maji mpaka sentimita 30 ni lita 54. Liko ukumbini, ghorofa ya nne, juu ya meza ya babu, na dirisha la mashariki linalipiga jua kwa muda wa saa mbili hivi kila asubuhi.

Samaki nao wameshaingia. Ni dume mmoja na majike watatu, wa kwetu hapahapa Unguja, wale wa madimbwi ya masika. Jina lao la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri, alilowapa Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Kwa asili hawapatikani popote duniani ila kisiwa hiki. Wazungu wanawafuga majumbani kwao miaka na miaka, na sisi wenyewe tunapita kando ya dimbwi tukidhani ni viluwiluwi. Dume ana mwili wa bluu inayokaribia kijani, kila gamba limetiwa wanja wa rangi ya damu ya mzee, mkia mwekundu mtupu. Majike ni wa kijivu, hawana pambo. Dimbwi lilipo silitaji, maana ni dogo na linatosha kuchotwa likaisha kwa asubuhi moja.

Tatizo limejitokeza siku ya pili tu. Dume hapumziki. Anamfuata jike huyu, akimchoka anamwendea yule, na tayari mmoja pezi la mkia limechanika. Wanahitaji pa kujificha. Mimea ya chini sitaki kupanda, kwa sababu samaki hawa hutaga mayai kwenye udongo na nataka sakafu ibaki wazi nije niweke chombo cha kutagia. Juu ya hayo, jua la asubuhi limeanza kuyafanya maji kuwa kijani. Kwa hivyo nimeamua: mmea wa kuelea. Utaleta kivuli na mizizi ya kuning'inia ambamo jike anaweza kuzama asionekane, na utakula uchafu wa samaki kabla ukungu wa kijani haujaufikia. Mmea wa kuelea una neema moja ambayo mimea ya chini ya maji haina: majani yake yako hewani, kaboni yake inaivuta hukohuko, basi hukua haraka na hufyonza amonia na naitreti kwa pupa.

Mradi wenyewe ni kuchagua upi.

Jumatatu, 12 Mei

Mbili nimeziondoa kabla ya kuanza. Rafiki yangu wa Mwanza amejitolea kunitumia gugu maji kwa mtu anayekuja Unguja. Nimemwambia tafadhali asilipandishe hata boti. Mmea ule asili yake Amerika ya Kusini, na tangu ulipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wanajua walichokipata. Ya pili ni salvinia, ambayo kwa kweli naipenda kwa macho. Majani yake yana vinywele vilivyojikunja mfano wa mchapo wa mayai, tone la maji likianguka juu yake linaviringika kama lulu. Lakini hiyo ndiyo iliyovamia Ziwa Kariba mara tu bwawa lilipoanza kujaa, ikafunika kilomita za mraba zipatazo 1,000 kwa miaka michache. Unguja haina mto mkubwa, ina mitaro ya mpunga na madimbwi, na samaki wangu wanaishi humo humo. Kipande kimoja kikitoka kwangu na maji ya kudekia, nitakuwa nimewafunika ndugu zao.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Bumbwisudi kutafuta lemna kwenye mitaro ya mpunga. Ni ule mmea mdogo kabisa, jani moja upana wa milimita tatu nne, na mzizi mmoja mwembamba chini kama uzi. Umejaa tele.

Nimevaa viatu vya mpira mpaka magotini na glavu za kuoshea vyombo. Kijana mmoja aliyekuwa akipalilia akacheka: "Kaka, unaogopa matope?" Nikamwambia naogopa kichocho, naye akaacha kucheka, kwa sababu skuli kwao wamepewa dawa zake kila mwaka. Kwetu Unguja na Pemba kichocho hupitia konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus. Viluwiluwi vya mnyoo hutoka kwa konokono vikaogelea na kuingia mtu kwenye ngozi, bila ya kidonda wala maumivu. Anayechota mimea mitaroni kwa mikono mitupu anacheza na hilo.

Lemna nimeitia kwenye ndoo nyeupe, na nyeupe kwa makusudi, kila kinachotambaa kionekane. Itakaa humo siku kadhaa peke yake, maana viluwiluwi vile visipompata mtu hufa kwa muda wa siku mbili tatu. Konokono sharti niwatoe mwenyewe. Usiku huu nimeshawapata wawili, wadogo kama punje za choroko. Namna ya kuwatambua ni hii: mshike konokono ncha ya gamba ikiangalia juu na mdomo wa gamba ukikuelekea. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, ni konokono wa kawaida. Ukiwa kushoto, mwelekeo huo ni wa Bulinus, japo wako na wengine wasio na madhara. Hawa wote wawili wa kushoto. Nimewaponda na kuwamwagia maji ya moto. Chini ya ndoo alikuwamo pia buu la kereng'ende, mwenye taya la kukunjuka. Huyu angewamaliza vifaranga vya samaki siku vitakapokuja.

Jumatatu, 19 Mei

Lemna imeingia tangini, kiganja kimoja. Imefunika eneo kama la kisahani cha chai.

Jumatano, 28 Mei

Jike mmoja amekufa, na kosa ni langu.

Umeme ulikatika usiku, sijui saa ngapi, pampu ya hewa ikasimama. Nimeamka kwa sala ya alfajiri, nikapitisha tochi ya simu ukumbini, nikaona juu ya tangi zulia la kijani kutoka kioo hadi kioo. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilipoifagia lemna kwa kiganja nikawakuta watatu midomo juu, mashavu yanakwenda mbio, na wa nne ubavuni mwa sponji ya kuchujia maji, keshalala.

Mambo matatu yalikutana. Maji yalikuwa na joto la nyuzi 30. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hewa huchukua miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 hayachukui zaidi ya saba na nusu, hata ufanye nini. Pili, usiku mmea hautoi oksijeni, unaivuta. Na hata mchana, lemna oksijeni yake nyingi inaipeleka juu hewani, si ndani ya maji. La tatu ndilo nililolidharau: hewa huingia tangini kwa juu, pale maji yanapogusana nayo. Pampu ilinificha hilo siku zote tisa, kwa kuwa ilikuwa ikipasua njia.

Nimekaa mbele ya tangi nikakumbuka habari ya vyoo vya Makunduchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walimwaga humo vipunje vya plastiki nyepesi, vile vya kupakilia vyombo, vikaelea na kufunika maji yote, na mbu wanaoeneza matende wakakosa pa kutaga na pa kupumulia. Tabaka la kuelea linaziba njia ya hewa. Kule lilitafutwa hilo hasa. Mimi nimelifanya juu ya vichwa vya samaki wangu.

Kuitoa lemna ni kazi nyingine. Inaganda mkononi, inaganda kwenye mpira wa hewa, inaganda kwenye mdomo wa ndoo. Nimechota na chujio la chai kwa saa nzima, na nikigeuka naona majani sita saba yamerudi katikati. Kwa hesabu ya siku tisa hizi, lemna hujizidisha maradufu kwa siku mbili hivi. Majani sita leo, baada ya wiki tatu ni maelfu.

Jumamosi, 31 Mei

Nimebadili swali. Nilianza kwa kutafuta mmea gani utakua vizuri kwangu. Yote itakua, Zanzibar hii joto tunalo na jua tunalo. Sasa natafuta mmea ninaoweza kuuhesabu, niseme leo wako sita, kesho wanane, na wa tisa nauokota kwa vidole viwili. Nusu ya uso wa maji iwe wazi wakati wote, yaani sentimita za mraba 900 kati ya 1,800.

Jumapili, 8 Juni

Jana ilikuwa Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Leo nimekwenda Fuoni kumpa mkono wa Idi ami yangu, anayefuga kuku na anawalisha azola. Ana hodhi mbili za turubali nyuma ya nyumba, zimejaa ule utando wa majani madogo kama magamba, pembeni mwekundu pale jua linapopiga zaidi.

"Ami, naomba kidogo nikajaribu kwenye samaki."

"Chukua, baba, hata ndoo. Kuku wenyewe hawaimalizi. Lakini mie naiwekea na mbolea ya fosfeti, isipopata hiyo inakuwa nyekundu na kunyauka. Wewe huko unaiwekea nini?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Azola haina njaa ya kile ninachotaka kukiondoa. Ni jamii ya kangaga, na ndani ya majani yake wanaishi bakteria wa kijani kibluu wanaoichukua naitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula chake. Ndiyo maana wakulima wa China na Vietnam waliipenda kwenye mpunga. Mmea unaopikiwa nyumbani hauna sababu ya kugombania mabaki ya samaki.

Nimeijaribu hata hivyo, kiasi cha kisahani kimoja.

Ijumaa, 13 Juni

Azola nimeitoa. Mizizi yake haizidi vidole viwili, jike akijificha kichwa mkia unabaki nje. Na inamong'onyoka: kila ukiigusa inakatika vipande, na kila kipande ni mmea mpya. Kwa kuku ni bora sana. Nimeianika juani na kumrudishia ami.

Jumamosi, 14 Juni

Mtoni, kwa shangazi. Ana hodhi ya saruji uani ya tangu zamani, na ndani yake pistia, ule mmea unaofanana na saladi iliyofunguka. Nilikuwa nikiuona tangu utotoni bila ya kuutazama.

"Chukua yote, mwanangu," kaniambia. "Mie yananikera. Kila siku naweka dawa ya mbu humo, na mbu hawaishi."

Nimeinua mmoja. Majani yana unyoya laini kama wa sikio la sungura, nikauzamisha wote chini ya maji nikauachia, ukaruka juu mkavu. Chini, mizizi. Hapo ndipo roho yangu ilipotulia. Shungi zima, refu kuliko kiganja changu, na kila mzizi umetoa vinywele pande zote kama unyoya wa kuku. Ukipandisha unaning'inia mzito unachuruzika, ukishusha unafunguka polepole na kujaza nafasi yote. Jike wa sentimita nne akiingia humo, dume hamwoni.

Halafu nikaona kwa nini mbu wa shangazi hawaishi. Kwenye mizizi walikuwa wameshikamana mabuu meusi, hawapandi juu kupumua kama mabuu wengine. Ni wale mbu wa jamii ya Mansonia. Wao huchoma mzizi wa pistia kwa mrija wao wakavuta hewa iliyomo ndani ya mmea, basi dawa ya kuelea juu haiwafikii, na samaki akipita hana habari. Nimemweleza shangazi: dawa ya hodhi yako ni kuitoa mimea hii. Tumeitoa pamoja mpaka magharibi, rundo tukalipeleka kwenye migomba, mie nikabakisha kumi midogo.

Kumi hiyo iko kwenye ndoo, nimeifunga wavu juu. Waliomo wawe mbu wafie humo.

Jumapili, 22 Juni

Wiki imepita, ndani ya wavu nimewahesabu mbu kumi na mmoja. Mizizi nimeisuuza na kuipitia mmoja mmoja kwa tochi, nikachagua mimea sita isiyo na kitu, kila mmoja upana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Imeingia tangini.

Ili isizagae nimetengeneza pete. Mpira wa pampu ya hewa, sentimita 63, ncha zimeunganishwa kwa kipande cha bomba la kalamu nililolilainisha kidogo na moto. Hewa imefungika ndani, pete inaelea, kipenyo chake sentimita 20. Ndani ya pete hamkui kitu: ndiko ninakotupa chakula, na ndiko samaki wanakopanda wakitaka hewa. Upande wa sponji nao nimeuacha wazi.

Kuhusu kifuniko, samaki hawa huruka, kwa hivyo tangi haliwezi kuachwa kichwa wazi. Nilikuwa na kifuniko cha kioo, lakini mvuke unaganda chini yake na kudondoka juu ya pistia, na jani lake likikaa na maji huoza katikati. Nikachukua mkasi nikate chandarua cha zamani. Mama akanishika mkono: "Hicho si kina dawa?" Alhamdulillah kwa mama. Vyandarua vyetu vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa chembe. Nimekata wavu wa dirisha, ule wa plastiki, mpya kutoka dukani, nikaubana kwenye fremu ya mbao.

Jumapili, 6 Julai

Mimea ni minane. Majike yote mawili mapezi yamefunga. Ila majani mapya ya pistia yanatoka rangi ya ndimu, mishipa tu ndiyo ya kijani. Majani ya zamani hayana neno.

Ugonjwa ukianzia majani machanga na mishipa ikabaki kijani, mara nyingi ni ukosefu wa chuma. Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa. Birika la nyumbani kila mwezi linaota ganda jeupe. Katika maji kama hayo chuma hugeuka kutu na kuzama, mmea hauwezi kukinywa. Nilijaribu kijungu cha udongo mwekundu wa kinongo, nikidhani wekundu ule si ndiyo chuma chenyewe? Ndiyo, lakini ni kutu ileile. Siku kumi, hakuna kilichobadilika. Nimeagiza Dar es Salaam mbolea ya maji yenye chuma kilichofungwa kwa DTPA, kemikali inayokishika isikiache kirahisi maji yakiwa ya chokaa.

Jumapili, 20 Julai

Matone machache tu ya mbolea baada ya kila kubadili maji, na jani jipya la kwanza limetoka kijani. Mimea kumi na miwili, minne nimeitoa. Kipupwe kimeshusha maji hadi nyuzi 26. Maji meupe, unasoma gazeti ng'ambo ya tangi. Usiku wa Alhamisi umeme ulikatika tena, nikakaa mpaka saa tisa nikiwaangalia na tochi. Hakuna aliyepanda kuhema.

Lemna? Jani moja moja bado linajitokeza pembeni mwa pete. Nalitoa na ncha ya kijiti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeweka bakuli la kutagia chini ya mimea: usumba wa nazi, niliouchemsha mara tatu mpaka maji yalipoacha kuwa mekundu. Kivuli cha pistia kinaangukia hapo hasa. Baada ya robo saa dume alishuka, akasimama juu ya bakuli na mapezi yote wazi. Jike mdogo akatoka mizizini mwenyewe, akamfuata. Walijilaza ubavu kwa ubavu wakatetemeka, usumba ukafuka vumbi.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeutoa usumba, nikaukamua kwa kitambaa mpaka ukawa na unyevu kama wa tumbaku ya kutafuna. Nikautandaza juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Mayai ni kama vishanga vya kioo, kidogo kuliko kichwa cha pini. Nimehesabu thelathini na nne nikaacha, nisije nikayakausha kupita kiasi.

Yako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kabatini, nje nimeandika tarehe ya leo na ya kurowekwa: wiki 12, katikati ya Novemba, mvua za vuli. Pistia za ziada, saba, ziko juu ya paa zinakauka. Zikishakauka kabisa zitakwenda Mtoni kwenye migomba ya shangazi.